Mpiganaji wa Kitutu na Fremu ya Kigeni

Hakuna mchoraji aliyewahi kuketi mbele ya Otenyo Nyamaterere. Huyu ndiye kijana wa Kitutu, ukoo mmojawapo wa Wagusii (Wakisii) wa Kenya, aliyemchoma mkuki Geoffrey Northcote, ofisa wa serikali ya kikoloni, mnamo Januari 1908, na jina lake bado lina uzito katika kaunti za Kisii na Nyamira. Kila yanapozuka mazungumzo ya kumwekea kumbukumbu, swali la sura hutangulia: alikuwa na uso gani? Na kwa kuwa jibu halipo ukutani popote, wazo linalokuja upesi ni kwamba litengenezwe. Ichorwe picha kubwa ya rangi za mafuta, kijana amesimama wima, mkuki mkononi, macho yanatazama mbali, itundikwe ukumbini kama wanavyotundikwa majenerali wa Ulaya. Nia ya wazo hilo naiheshimu. Hata hivyo, nadhani linakosea kuhusu picha yenyewe kabla halijakosea kuhusu Otenyo. Picha ya mafuta ya mwanajeshi wa karne ya 19 ilikuwa hati ya dola ya aina fulani, na fremu yake ina masharti. Kutokuwepo kwa Otenyo ndani ya fremu hiyo hakuonyeshi kwamba Wagusii walipungukiwa na chochote. Kunatueleza vita vilikuwa kitu gani kwa kila upande, na ushahidi wa mpiganaji wa Kigusii uliwekwa wapi.

Tuitazame kwanza fremu yenyewe, katika mfano wake mmoja bora. Mwaka 1870 mchoraji Mfaransa James Tissot alimchora Frederick Gustavus Burnaby, kapteni wa Royal Horse Guards, kikosi cha wapanda farasi waliomlinda mtawala wa Uingereza. Picha hiyo sasa iko National Portrait Gallery, London, na ni ndogo kuliko umaarufu wake: ubao wa takriban sentimita 50 kwa 60. Burnaby, mtu wa futi sita na inchi nne, amejinyoosha kwenye kochi, sigara mkononi, kama anayeongea na rafiki aliye nje ya picha. Mstari mwekundu wa suruali yake ya sare unashuka mguu mzima, na jicho la mtazamaji hulazimika kuufuata. Kando yake kuna kofia ya chuma na deraya vilivyong'arishwa hadi vinameta. Nyuma yake, ukutani, kumetundikwa ramani ya dunia. Hakuna farasi pichani, hakuna moshi, hakuna adui. Vita vyote vimeachiwa ile ramani: mtu huyu anaweza kulala chali na sigara yake kwa sababu dunia iliyo mgongoni mwake imekwisha kupimwa na kuandikwa majina.

Picha hiyo iliwezekana kwa sababu zinazohesabika. Kwanza, iliagizwa na Thomas Gibson Bowles, mwanzilishi wa jarida la Vanity Fair, ambalo Burnaby mwenyewe alilisaidia kwa fedha lilipoanza mwaka 1868. Pili, katika sehemu kubwa ya jeshi la Uingereza cheo cha ofisa kilinunuliwa kwa pesa hadi mwaka 1871, kikawa mali ya mtu kama shamba lilivyo mali, na mali ilihitaji kuonyeshwa. Tatu, ufundi ulikuwa tayari. Rangi za mafuta ziliuzwa madukani ndani ya mirija laini ya bati tangu Mmarekani John Goffe Rand alipoibuni mwaka 1841. Kamera, iliyotangazwa kwa umma mwaka 1839, ilikuwa imewazoesha watazamaji kudai kila kifungo na kila mkunjo wa nguo. Uhalisia ulioshika Ufaransa kupitia kwa Gustave Courbet ulianza kwa kuwachora wavunja mawe na waombolezaji wa kijijini, watu ambao sanaa kubwa ilikuwa haiwapi nafasi. Kufikia wakati wa Burnaby mbinu hizohizo za kuaminisha zilikuwa zikimtumikia ofisa aliyekaa sebuleni. Nalitilia mkazo jambo hili kwa sababu tunapenda kuuchukulia uhalisia kama dirisha tupu. Dirisha lile lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe ndiye aliyechagua lielekee wapi.

Pwani ya Afrika Mashariki inathibitisha kanuni hiyohiyo kutoka upande mwingine. Sayyid Said bin Sultan wa Unguja alichorwa na mzaliwa wa Ireland, Luteni Henry Blosse Lynch, na sura yake imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Salem, Massachusetts, bandari ambayo manahodha wake walifanya biashara na Unguja. Picha ilifuata mikataba, makonsuli na meli za nguo. Mtawala aliyetia sahihi mkataba na Wamarekani mwaka 1833 alikuwa mtu wa kuchorwa. Mpiganaji wa nyanda za juu, ambaye hakuwa ametia sahihi chochote na hakuna dola ya Ulaya iliyomhitaji bado, hakuwa katika orodha ya mchoraji yeyote.

Je, Wagusii wa karne hiyo walikuwa na wanajeshi wa kuchorwa? Ndiyo, ila si kwa maana ya Burnaby. William Ochieng', katika kitabu chake cha mwaka 1974 kuhusu historia ya Wagusii kabla ya ukoloni, ameeleza jamii iliyoishi kwa kujihami: Wakipsigis upande mmoja, Wajaluo na Wamaasai pande nyingine, na mara nyingi koo zao wenyewe zikivutana, Kitutu na Nyaribari, Majoge na Bassi, Wanjare na Mugirango zote mbili. Ulinzi ulikaa katika ebisarate, maboma ya ng'ombe walimolala vijana waliokwisha kutahiriwa na ambao hawajapata nyumba zao. Humo walilinda mifugo usiku, walijifunza kutumia mkuki na ngao, na wakapanga mashambulizi yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 vikosi vya namna hii vilipambana na Wakipsigis katika vita vinavyokumbukwa Gusii kwa jina la Saosao, na Wakipsigis wakapata kipigo kilichobaki katika masimulizi yao hadi leo. Hilo lilikuwa jeshi, na lilishinda vita vikubwa bila ofisa hata mmoja mwenye mshahara. Waingereza walijua uzito wake: walizipiga marufuku ebisarate kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia.

Lakini mpiganaji wa ebisarate hakuwa mwanajeshi maisha yake yote. Alikuwa kijana wa umri fulani, katika kipindi fulani, kisha akaoa, akalima, akawa mzee wa kusuluhisha kesi. Hakuwa na cheo cha kununua wala sare ya kumtenga na ndugu zake. Tofauti zilizokuwepo ziliandikwa mwilini. Unga wa mawe laini ya Tabaka, huko Gusii, mekundu na meupe, ulipakwa ngozini wakati wa sherehe. Rangi ilikuwa juu ya mtu mwenyewe na iliondoka naye. Makovu nayo yalikaa. Wagusii walikuwa na mabingwa wa kupasua fuvu, ababari, waliomfungua kichwa mtu aliyepigwa rungu au aliyelalamika maumivu yasiyoisha, wakakwangua mfupa ulioharibika na kumfunga, na wengi walipona wakaishi miaka mingi. Madaktari wa karne ya 20 walikuja kuuchunguza ufundi huo kwa mshangao mkubwa. Mtu aliyetoka mikononi mwa omobari alitembea na historia ya vita vyake juu ya utosi, na kila aliyemwamkia aliisoma. Katika mazingira hayo, ubao uliopakwa mafuta ya kitani ungeongeza nini?

Mwaka 1905 dola yenye fremu na jamii isiyo na fremu zilikutana uso kwa uso. Msafara wa kwanza wa kuadhibu uliingia Gusii mwezi Septemba, ukiwa na askari wa KAR (King's African Rifles), polisi na bunduki ya Maxim. Robert Foran, ofisa wa polisi aliyekuwemo, aliandika baadaye jinsi wapiganaji walivyoukimbilia mraba wa askari wakiwa na mikuki, na jinsi Maxim ilivyofyatua mfululizo hadi ikakaribia kuwa nyekundu kwa joto. Bunduki imeelezwa hadi rangi yake. Wanaume waliokuwa mbele yake wameelezwa kama wimbi.

Zaidi ya miaka miwili baadaye, Northcote, ambaye Wagusii walimwita Nyarigoti, alikuwa akisimamia wilaya hiyo changa kutoka kituo cha Getembe, pale ulipo mji wa Kisii sasa. Serikali ilikuwa imeanza kutwaa ng'ombe na kudai kodi. Otenyo alimvizia njiani akamchoma mgongoni. Northcote alipona. Msafara wa pili ulitumwa mara moja, nyumba zikachomwa, mazao yakateketezwa. Taarifa za simu (telegramu) zilizofika London mwishoni mwa Januari na mwanzoni mwa Februari 1908 ziliyapanga matokeo kwa mpangilio ambao ningependa kila mwanafunzi wa Kisii na Nyamira auone: ng'ombe waliotekwa, zaidi ya 5,000, kondoo na mbuzi, zaidi ya 3,000, Wakisii waliouawa, zaidi ya mia moja, na idadi ikazidi kupanda siku zilizofuata. Winston Churchill, wakati huo naibu waziri wa makoloni, alishtuka, akahoji kama kweli ililazimu kuendelea kuwaua kwa wingi kiasi hicho watu wasioweza kujilinda.

Hiyo simu ndiyo picha ya mpiganaji wa Kigusii ambayo dola ya Burnaby ilikuwa tayari kuilipia. Tuiweke kando ya ubao wa Tissot tuone. Upande mmoja mtu mmoja, jina kamili, kila kifungo, hata sigara yake. Upande wa pili watu zaidi ya mia ndani ya tarakimu moja, wakitanguliwa na mifugo yao. Ni dola ileile. Ilijua vizuri kumtenga mtu mmoja na kumtazama, na ilichagua ni nani atazamwe. Hata baadaye, ilipoamua kuwaheshimu wapiganaji Waafrika waliokufa kwa ajili yake, iliwaheshimu kama aina. Sanamu tatu za shaba za James Alexander Stevenson, zilizosimamishwa Nairobi mwaka 1928 katika barabara ambayo sasa ni Kenyatta Avenue, ni kazi ya uhalisia safi: askari wa KAR, mpagazi, na mpiganaji wa Kiarabu, misuli na mikunjo ya nguo imefuatwa kwa uaminifu. Hakuna hata mmoja mwenye jina. Maandishi yake yako katika Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu, na katika lugha zote tatu hakuna mama anayeweza kumwonyesha mwanawe pale.

Kwa Wagusii mambo yalikwenda kinyume: uso ulipotea, jina likabaki. Mtoto wa Kigusii hupewa jina la ndugu aliyekwisha kufa, kwa hiyo jina la mpiganaji halikuhitaji ukuta. Lilizaliwa tena, likachunga ng'ombe, likaenda shule. Mpiga obokano, zeze kubwa la nyuzi nane ambalo mngurumo wake huusikia kifuani kabla ya masikioni, alitaja watu na matendo yao, nani alikuwa wa ukoo gani na alimkabili nani. Na masimulizi ya 1908 yamehifadhi kitu ambacho picha ya mwanajeshi mmoja ingekitupa nje. Yamemhifadhi Moraa wa Ng'iti. Wasimulizi wanakubaliana kwamba alikuwa mwanamke mwenye sauti ya unabii na uganga, mtu wa nyumbani kwa Otenyo, na kwamba ndiye aliyewashutumu wanaume kwa woga hadi mkuki ukatoka. Tendo la Januari 1908 lilikuwa na watu wawili, na wa kwanza alikuwa mwanamke. Fremu ya Burnaby ina nafasi ya mwanamume mmoja na silaha zake. Tukiifuata, Moraa atageuka tanbihi chini ya picha, na huo utakuwa uongo mkubwa kuliko uongo wowote wa pua au paji la uso.

Mtu anaweza kunipinga hapa kwa haki: masimulizi hubadilika, kila mzee ana lake, ilhali picha hutulia. Ni kweli masimulizi hubadilika. Lakini utulivu wa picha si ukweli wa picha. Mwaka 1893 George William Joy alichora kwa mafuta kifo cha Jenerali Gordon huko Khartoum, kilichotokea Januari 1885. Gordon amesimama juu ya ngazi, mtulivu, akiwatazama kutoka juu Wasudani wanaompandia na mikuki. Kila kitu kimechorwa kwa uhalisia unaosadikisha, na mchoraji hakuwepo. Taarifa za kifo hicho zilitofautiana, nyingine zikisema Gordon alikufa akipigana, lakini ngazi za Joy ndizo zilizobaki vichwani mwa Waingereza. Siku chache tu kabla ya Gordon, tarehe 17 Januari, Burnaby wetu wa kwenye kochi aliuawa kwa mkuki huko Abu Klea, Sudan, akiwa njiani na kikosi cha kumwokoa. Katika picha za aina hii mwenye mkuki ni mkono na jino, hana jina. Uhalisia una nguvu ya kuifanya dhana moja ionekane shahidi, na nguvu hiyo ndiyo ninayoihofia ikielekezwa kwa Otenyo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na sitaki kulipuuza. Vijana wanahitaji uso. Mataifa yote yamewapa mashujaa wao nyuso za kubuni, na sisi tuna haki hiyo kama wengine. Mfano unaotajwa mara nyingi ni sanamu ya Dedan Kimathi iliyozinduliwa Nairobi tarehe 18 Februari 2007, amevaa sare, bunduki mkononi. Lakini Kimathi ana picha halisi za kamera, tena zinazojulikana dunia nzima. Mchongaji alikuwa na kitu cha kumrudi akikosea. Kwa Otenyo hakuna cha kumrudi msanii. Atachora misuli ya kijana wa mazoezi wa leo, atachagua ngozi na vazi kutoka picha za jamii nyingine, na baada ya kizazi kimoja picha hiyo itakuwa kitabuni, kwenye fulana na kwenye bango la kampeni, na hakuna atakayekumbuka kwamba ilibuniwa. Haki ya kubuni ninaikubali. Ninachokataa ni kubuni kwa mtindo ambao kazi yake yote ni kuficha kwamba kuna kubuni. Mawe ya Tabaka yanatoa njia iliyo wazi zaidi. Elkana Ong'esa, aliyezaliwa huko mwaka 1944, ameonyesha kwa ndege wake wa mawe, akiwemo yule aliyeko makao makuu ya UNESCO mjini Paris, kwamba mkono wa Kigusii unaweza kubeba wazo kubwa bila kudai kunakili manyoya. Mchongo wa aina hiyo, wa Moraa na Otenyo pamoja, hautamdanganya mtu kuhusu nyuso zao.

Kuna pia suala la kichwa, na hapa mjadala wa sura unaacha kuwa wa kisanii. Wazee wa Gusii wanasimulia kwamba Otenyo alipokamatwa aliuawa, akakatwa kichwa, na kichwa kikasafirishwa Uingereza. Wanandi wana dai la namna hiyo kuhusu kiongozi wao Koitalel arap Samoei, aliyeuawa tarehe 19 Oktoba 1905. Fimbo zake zilirudishwa kutoka Uingereza mwaka 2006, na familia na jamii bado zinauliza juu ya kichwa chake. Jamii iliyokuwa na mabingwa wa fuvu, iliyojua thamani ya kila mfupa wa kichwa cha mtu, inaishi na simulizi kwamba kichwa cha mwanawe kiligeuzwa kifaa cha kabati. Kumpa mtu huyo uso wa kubuni, wa mafuta, wenye fremu ya dhahabu, wakati dai la kichwa chake halijapata jibu, ni kumfunga mdomo anayeuliza. Ukuta ukiwa na picha, wageni watasema: kumbe yupo.

Kwa hiyo kumbukumbu ya Otenyo na Moraa ianze na vitu vilivyopo. Kitutu imegawanyika: Kitutu Chache iko kaunti ya Kisii, Kitutu Masaba iko Nyamira, na miamba ya Manga inazitazama zote mbili. Kaunti hizi hazihitaji kushindana juu ya mtu aliyekufa kabla mipaka yao haijachorwa. Zinaweza kugawana kazi. Zile simu za Januari na Februari 1908 zichapwe kwa ukubwa wa ukuta, tarakimu zake zote, na kando yake yawekwe majina ya waliouawa ambayo koo bado zinayakumbuka, yakikusanywa nyumba kwa nyumba. Safari ya Northcote isimuliwe hadi mwisho: alitunukiwa cheo cha Sir, akawa gavana wa Hong Kong kuanzia 1937 hadi 1941, na chuo cha walimu kikaitwa kwa jina lake kule, ambako wengi waliopita humo hawakuwahi kusikia neno Kitutu. Na fedha ambazo zingemlipa mchoraji wa mafuta ziwalipe kwanza wapiga obokano waliobaki, warekodiwe kwa Ekegusii, kila mmoja na toleo lake la 1908, hata pale wanapopingana.